Maswali ya Wasomaji: Kubadilisha Antivirusi Kunatibu Nini?

Barua za safu ya kompyuta katika toleo hili zinafanana kwa jambo moja. Karibu waandishi wake wote wamekwisha kuondoa programu moja ya kuzuia virusi na kuweka nyingine, wengine zaidi ya mara moja, wakitarajia kwamba kompyuta ya nyumbani itapona, na haikupona. Tumechagua barua sita ambazo chanzo cha tatizo kinatofautiana, ili msomaji mwenye shida kama hizo aweze kutambua yake inafanana na ipi.

Ndugu Mhariri, nina kompyuta mpakato niliyoinunua ikiwa imetumika, yenye RAM ya GB 4, diski ya GB 500 na Windows 10. Ilipoanza kuwa nzito, fundi alisema ina virusi akaniwekea antivirusi ya bure. Haikusaidia, nikaongeza ya pili niliyoshauriwa na mwenzangu kazini, kisha ile ya kwanza nikaifuta kwa kufungua folda yake ndani ya Program Files na kufuta kila kilichokubali kufutika. Sasa inachelewa sana kuwaka, feni inavuma muda wote, na imekwisha kuniangukia ghafla ikaonyesha skrini ya buluu. Je, ninunue antivirusi ya kulipia? — Msomaji, Tanga

Ndugu msomaji wa Tanga, usinunue chochote kwa sasa. Barua yako ina matatizo mawili yaliyofungamana: moja ulikuwa nalo kabla fundi hajaigusa kompyuta yako, na jingine limeletwa na tiba yenyewe. Tukilimaliza hili la pili ndipo lile la kwanza litaonekana wazi.

Antivirusi haikai pembeni ikisubiri kuitwa. Huweka kiendeshi chake, yaani programu ndogo inayoitwa driver, ndani kabisa ya mfumo endeshi, mahali ambapo kila ombi la kufungua faili hupitia, na kila unapobofya hati, picha au programu, ombi lako husimamishwa kwa kitambo kidogo mno, faili likakaguliwa, kisha likaruhusiwa. Zikiwapo antivirusi mbili zenye ulinzi wa papo kwa papo, faili lilelile hukaguliwa mara mbili, na kila moja inapofungua faili ili kulikagua, kitendo hicho nacho ni ombi linalopita mbele ya mwenzake. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hapa zizi ni kiini cha Windows, ambamo kosa la kiendeshi kimoja haliishii kwenye programu moja bali huuangusha mfumo mzima. Skrini ya buluu uliyoiona inaweza kabisa kuwa imetokea huko.

Mambo haya yamekwisha kuwakuta hata wakubwa wa kazi. Januari 2018, Microsoft ilipotoa sasisho la kuziba mianya ya Meltdown na Spectre iliyogunduliwa katika vichakato, yaani bongo za kompyuta, ililazimika kulizuia lisifike kwenye kompyuta ambazo antivirusi zake zilikuwa hazijathibitisha kwamba zinaafikiana nalo, kwa sababu baadhi ya antivirusi zilikuwa zikigusa kumbukumbu ya kiini cha mfumo kwa njia isiyoruhusiwa, na matokeo yake yakawa skrini ya buluu. Kabla ya hapo, tarehe 21 Aprili 2010, sasisho moja la antivirusi ya McAfee lilidhani kwamba svchost.exe, faili halali la Windows XP, ni kirusi, na kompyuta nyingi duniani zikabaki zikijizima na kujiwasha bila kukoma. Antivirusi ni programu kama nyingine, ila imepewa mamlaka makubwa kuliko nyingine, kwa hiyo inapokosea hukosea kwa kishindo.

Kufuta folda kwa mkono ndiko kulikoharibu zaidi. Kilichofutika ni sehemu ndogo inayoonekana. Kiendeshi kilichomo ndani ya System32\drivers na huduma zinazoamka pamoja na Windows vimebaki, na huenda umefuta hata programu ndogo ambayo ingetumika kuiondoa antivirusi hiyo kwa njia halali. Ukienda kwenye orodha ya programu na kubofya Uninstall, usishangae ukiambiwa kwamba faili linalohitajika halipo.

Watengenezaji wanalijua tatizo hili, na ndiyo maana wengi wao wana programu maalumu ya kufagia mabaki ya bidhaa zao: McAfee wana MCPR, Avast wana Avast Clear, ESET wana ESET Uninstaller, na Kaspersky wana kavremover. Ipakue kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe na si kwingineko. Kabla ya kuanza, nakili hati na picha zako kwenye diski ya nje, pakua fagio la kila antivirusi iliyowahi kuwekwa humo, na uhakikishe unalikumbuka neno la siri la akaunti yako ya Windows, maana ukiwa ndani ya Safe Mode, yaani hali ambayo Windows huwaka na vitu vya lazima tu, ile PIN fupi huenda isikubaliwe. Kisha katisha intaneti, ondoa antivirusi iliyobaki kupitia Settings, sehemu ya Apps, na uwashe kompyuta upya. Baada ya hapo shikilia Shift huku ukibofya Restart, na kwenye menyu itakayotokea chagua Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha namba 4, ili uingie Safe Mode, endesha mafagio hayo moja moja, na uwashe upya baada ya kila moja. Kazi hii haitaki haraka, wala haifai kufanywa jioni ambayo umeme unakatikakatika.

Ukimaliza, fungua Windows Security. Antivirusi za nje zikiwa zimeondoka kweli, utakuta Microsoft Defender, antivirusi inayokuja na Windows, imejiwasha yenyewe, kwa kuwa katika Windows 10 na 11 hujiweka kando inapokuta antivirusi nyingine na hurudi kazini nyingine inapoondolewa. Ikikataa kuwaka na kukwambia kwamba ulinzi unasimamiwa na programu nyingine, jua mabaki bado yapo. Ikikubali, isasishe, kisha uchague ukaguzi unaoitwa Microsoft Defender Offline, ambao hukagua diski kabla Windows yenyewe haijaamka na huchukua takriban dakika 15. Fundi wako akiwa alisema kweli kuhusu virusi, hapo ndipo vitakapokamatwa.

Sasa turudi kwenye uzito wa mwanzo. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, nenda kwenye Performance, uchague Disk, na uiache kompyuta itulie dakika kumi hivi tangu ilipowaka bila kufungua kitu. Tazama namba mbili kwa pamoja: asilimia ya muda ambao diski iko kazini, na kasi ya kusoma na kuandika iliyoandikwa chini yake. Diski iliyo kwenye asilimia 100 huku ikisoma MB 100 kwa sekunde inafanya kazi kweli, na ukirudi kwenye Processes utaona ni programu gani inayoitumikisha. Ikiwa ni Antimalware Service Executable, hiyo ni Defender inakagua, iache imalize. Lakini diski iliyo kwenye asilimia 100 huku ikisoma MB 1 au 2 tu, dakika baada ya dakika, haina kazi kubwa yoyote. Ama inaanza kufa, ama ni ya aina ambayo haiwezi tena kuimudu Windows ya leo.

Kwa maelezo yako, ninaielekea dhana hii kuliko ya virusi. Diski za GB 500 katika kompyuta mpakato za miaka iliyopita kwa kawaida ni sahani za sumaku zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea hulazimika kusafiri huku na huko kutafuta kila kipande cha faili, wakati Windows 10 huomba vipande vidogo vidogo maelfu kwa mara moja. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo itakuonyesha afya ya diski hiyo. Ukiona neno Caution katika rangi ya njano, nakili vitu vyako siku hiyohiyo. Iwe imechoka au ni nzima, kuibadilisha kwa SSD, yaani diski isiyo na sahani inayozunguka, na kuongeza RAM kutoka GB 4 hadi GB 8 ikiwa ubao wake unaruhusu, kutafanya kazi ambayo antivirusi kumi za kulipia zisingeifanya. Fedha uliyotaka kununulia leseni ipeleke huko. Na fundi akiwa amefungua kifuniko kwa ajili ya SSD, mwombe apulize vumbi kwenye feni na abadilishe mafuta ya kupozea kichakato, kwa sababu kichakato kikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi chenyewe.

Jambo la mwisho kwako ni Windows 10 yenyewe. Microsoft ilisitisha masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa nyongeza uliotangazwa kwa watumiaji wa nyumbani unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Antivirusi haizibi mwanya wa mfumo endeshi. Hujaribu tu kumkamata anayepenya. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa vichakato vya Intel kwa kawaida inaanzia kizazi cha nane, hivyo kabla ya kulipia SSD angalia kwanza kama kompyuta yako inafuzu. Isipofuzu, SSD bado ina faida, lakini utakuwa umeijua hali uliyo nayo.

Ndugu Mhariri, pole na kazi. Kwenye kona ya chini ya kompyuta yetu kila mara hutokea ujumbe kwamba leseni ya McAfee imekwisha na kwamba kompyuta ina virusi vitano. Sijawahi kununua McAfee. Mume wangu alibadilisha antivirusi, ujumbe ukaendelea. Akaweka nyingine tena, ukaendelea vilevile. Watoto wanaitumia kwa masomo na ninaogopa. — Mama wa watoto wawili, Morogoro

Asante, dada yetu wa Morogoro, na ondoa hofu. Ujumbe huo hautoki McAfee, na inaelekea hakuna kirusi chochote ndani ya kompyuta yenu, jambo linaloeleza kwa nini antivirusi zote hizo hazikuona cha kukamata. Hizo ni arifa za kivinjari. Tovuti fulani, mara nyingi ya filamu za bure au ya kupakua michezo, ilifungua ukurasa wenye maneno kama "bofya Allow kuthibitisha kwamba wewe si roboti", mtu mmoja nyumbani akabofya, na tangu siku hiyo tovuti hiyo ina ruhusa halali kabisa ya kutuma ujumbe kwenye kona ya skrini hata kama ukurasa wake haujafunguliwa. Kwa antivirusi hilo ni ombi la mtumiaji mwenyewe, nayo haina sababu ya kuliingilia.

Ujumbe ukitokea tena, usiubofye mahali popote isipokuwa kwenye alama ya kuufunga, lakini usome kwanza maandishi madogo. Pamoja na nembo nyekundu ya kuigiza utaona jina la kivinjari, kwa mfano Google Chrome, na kando yake anwani ya tovuti isiyoeleweka, herufi na tarakimu tupu. Anwani hiyo ndiye mhusika. Katika Chrome bofya nukta tatu za juu kulia, nenda Settings, kisha Privacy and security, Site settings, na Notifications, na hapo utakuta orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Iondoe hiyo na kila nyingine usiyoitambua. Kisha, katika ukurasa huohuo, chagua kwamba tovuti zisiruhusiwe kuomba kutuma arifa. Kwa kompyuta inayotumiwa na watoto sioni hasara yoyote ya kufanya hivyo. Kama nyumbani mnatumia vivinjari viwili, rudieni katika kila kimoja, na mkague pia viendelezi, yaani zile programu ndogo zilizobandikwa kwenye kivinjari.

Ikiwa yeyote kati yenu aliwahi kubofya ujumbe huo na kujaza namba za kadi ya benki ili "kuhuisha leseni", wasilianeni na benki leo mkaomba kadi ifungwe. Hapo pekee ndipo pana haraka.

Mume wako amekwisha kuweka antivirusi mbili kwa kufuatana. Msome pia jibu tulilompa msomaji wa Tanga, mhakikishe imebaki moja tu.

Shikamoo Mhariri. Flashi yangu kila nikiichomeka kwenye kompyuta ya nyumbani mafolda yote yanageuka kuwa njia za mkato, na antivirusi inasema imesafisha lakini kazi zangu hazionekani. Nimejaribu antivirusi tatu. Tasnifu yangu imo humo. — Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba, mwanafunzi wetu. Tasnifu yako kwa uwezekano mkubwa ipo salama, na antivirusi nayo imesema kweli. Kirusi cha aina hii hakifuti mafaili. Huyapa sifa ya kufichwa na sifa ya kuwa mafaili ya mfumo, kisha huweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale, ambazo ukizibofya hukiendesha kirusi kwanza na ndipo zikakufungulia folda yako ili usishuku. Antivirusi hukifuta kirusi na njia zake za mkato, lakini hairudishi sifa za mafaili kama zilivyokuwa, ndiyo sababu flashi inaonekana tupu huku ikisema nafasi imejaa.

Fungua Command Prompt, na ikiwa flashi yako inaonekana kama E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Herufi tatu za mwanzo huondoa ufichaji, zuio la kuandika na sifa ya mfumo, na mbili za mwisho huagiza kazi hiyo ifanyike kwa folda zote. Subiri hadi mstari urudi, fungua flashi, ukanakili tasnifu yako kwenye kompyuta iliyo safi na pia kwenye hifadhi ya mtandaoni, halafu ndipo uifute flashi yote kwa kuifomati.

Kubadilisha antivirusi ya nyumbani hakukusaidia kwa sababu, kwa dhana yangu, chanzo hakiko nyumbani. Tangu Februari 2011, Microsoft iliposambaza sasisho la kuzuia flashi zisijiendeshe zenyewe katika Windows XP na Vista, virusi vya namna hii vimebaki vikitegemea mkono wa mtumiaji anayebofya njia ya mkato, na mahali ambapo mikono ni mingi ni kwenye stesheni za kuchapishia, ambako flashi za watu wengi huingia katika kompyuta moja kwa siku. Watumie kazi yako kwa barua pepe wakachapishe kutoka huko, na flashi ibaki mfukoni.

Ndugu Mhariri, shemeji yangu aliyeko Minnesota alinitumia kompyuta aliyokuwa akiitumia. Ina antivirusi iitwayo UltraAV ambayo yeye anasema hakuiweka. Yeye alikuwa amelipia Kaspersky. Inaniambia leseni imekwisha. Je, kompyuta hii imedukuliwa? — Msomaji, Arusha

Haijadukuliwa, na shemeji yako hasemi uongo. Juni 2024, Wizara ya Biashara ya Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa bidhaa za Kaspersky, kampuni yenye makao makuu Moscow, kwa hoja za usalama wa taifa. Mauzo mapya yalikoma tarehe 20 Julai, na masasisho yalitakiwa kukoma tarehe 29 Septemba mwaka huohuo. Mwezi huo wa Septemba Kaspersky iliwahamishia wateja wake wa Marekani kwenye UltraAV, na wengi waliwasha kompyuta wakakuta programu yao imetoweka na nyingine wasiyoijua imekaa mahali pake. Barua pepe za taarifa zilikuwa zimetumwa, lakini ni wangapi husoma barua pepe za antivirusi? Kwa maoni yangu, kumbadilishia mtu programu yenye mamlaka makubwa namna hiyo bila yeye kubofya kukubali ni jambo lisilopendeza, hata nia ikiwa njema.

Kwako wewe hatua ni nyepesi: iondoe UltraAV kupitia Settings, washa upya, na Defender itashika zamu. Hata hivyo, kwa kompyuta iliyokuwa ya mtu mwingine ningependa zaidi uirudishe katika hali ya kiwandani kwa kutumia Reset this PC, kwa heshima ya siri za shemeji yako na kwa usalama wako. Marufuku ile ni ya Marekani, haikugusi uliko.

Umeuliza pia mwishoni mwa barua, katika sehemu ambayo hatukuichapisha, ni antivirusi gani bora ya bure. Kwa nyumba ya kawaida yenye Windows iliyosasishwa, Defender inatosha, na maabara huru kama AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, hutoa matokeo ya majaribio ambayo yeyote anaweza kuyasoma bila malipo kabla ya kuamua vinginevyo. Na "bure" nalo linahitaji kuangaliwa. Avast ilikuwa na kampuni tanzu iitwayo Jumpshot iliyouza taarifa za tovuti zilizotembelewa na watumiaji wa antivirusi yake. Ilifungwa Januari 2020, na Februari 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, ikatangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5 kwa jambo hilo.

Ndugu Mhariri, fundi aliniwekea Office na kreki yake. Antivirusi inaifuta kreki kila siku kwa jina la HackTool, na Office inagoma. Fundi ananiambia nibadilishe antivirusi niweke isiyo na kelele. Mniambie ni ipi. — Mzazi, Mombasa

Ndugu mzazi, hatutakutajia. Wapo watakaokwambia kwamba kila kreki, yaani programu ya kukwepa leseni, ni kirusi, na hilo si kweli. Baadhi hufanya kazi iliyodaiwa na kuishia hapo. Ila wewe, mimi na fundi wako hatuna namna ya kujua iliyomo ndani ya kompyuta yako ni ya kundi gani, na masharti yake ya kwanza ni kuzima kitu pekee ambacho kingeweza kutuambia. Kirusi cha kuteka mafaili kiitwacho STOP, au Djvu, kimewapata watu wa nyumbani kwa njia hiyohiyo ya kreki kwa miaka mingi. Hufunga picha na hati zote, huongeza herufi ngeni mwishoni mwa majina yake, na huacha waraka uitwao _readme.txt unaodai dola 980, au nusu yake kwa atakayelipa ndani ya saa 72. Kampuni ya Emsisoft ilitoa ufunguo wa bure mwaka 2019, lakini unafaa zaidi kwa matoleo ya kabla ya Agosti mwaka huo. Aliyepatwa na matoleo ya baadaye mara nyingi hubaki na mafaili yasiyofunguka.

Kabla ya jambo lolote, fungua Windows Security, ingia kwenye mipangilio ya ulinzi dhidi ya virusi, ushuke hadi Exclusions. Wawekaji wa kreki wana tabia ya kuorodhesha humo folda ambazo Defender isizikague, na wengine, kwa uvivu, huorodhesha C:\ nzima. Ukikuta hivyo, maana yake kompyuta yako haijakaguliwa tangu siku ile. Futa kila kilichomo, endesha ukaguzi kamili, na ubadilishe maneno ya siri ya barua pepe na benki ukitumia simu au kifaa kingine, kwa kuwa yaliyohifadhiwa ndani ya kivinjari ndiyo ya kwanza kuibwa. Ikiwa ukaguzi utakamata kitu zaidi ya hiyo HackTool, ninashauri Windows isimikwe upya badala ya kusafishwa.

Kuhusu Office, LibreOffice ni ya bure, halali, na hufungua hati za Word na Excel. Jedwali lenye mapambo mengi linaweza kupoteza mpangilio wake, lakini kwa barua, ripoti na kazi za shule sijaona mtoto aliyekwamishwa nayo. Word ya mtandaoni nayo ni bure kwa mwenye akaunti ya Microsoft, ingawa inataka bando.

Ndugu Mhariri, kompyuta yangu ya mezani ni ya zamani. Kila asubuhi antivirusi inasema haiwezi kusasishwa, na tovuti zote, hata ya barua pepe, zinasema muunganisho si salama. Nimebadilisha antivirusi mbili. Ikishinda imewashwa, tatizo halipo. Nikiichomoa usiku, linarudi. — Mwalimu mstaafu, Unguja

Shikamoo, Mwalimu. Umekwisha kulitatua kwa sentensi yako ya mwisho. Tazama tarehe kwenye kona ya skrini asubuhi kabla ya kufungua kitu kingine. Bila shaka utakuta imerudi nyuma miaka mingi. Vyeti vya usalama vya tovuti na leseni za antivirusi vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayoamini kwamba tuko katika mwaka ambao cheti kilikuwa hakijatolewa hukikataa. Saa ya ndani hutunzwa na betri ndogo ya mviringo iliyo juu ya ubao mkuu, kwa kawaida aina ya CR2032, ambayo inategemewa kompyuta inapochomolewa kwenye umeme. Yako imekwisha nguvu.

Chomoa waya wa umeme, fungua kifuniko cha pembeni, utaiona iking'aa. Upande wenye maandishi ndio unaotazama juu. Bonyeza kibanio chake kwa ncha ya bisibisi, uitoe, na uweke mpya kwa upande uleule. Ukiwasha, kompyuta itakutaka uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayotangulia Windows, kurekebisha saa na tarehe, kisha antivirusi uliyo nayo, hiyohiyo, itajisasisha bila ugomvi. Ikiwa saa itarudi nyuma hata baada ya betri mpya, hitilafu iko kwenye ubao wenyewe, na hapo ndipo umwite fundi.